Malaria kali: usisubiri kupambazuke

Mtoto mwenye homa akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, au ukimwita hageuki, vidonge vya nyumbani havimtoshi tena. Mpeleke kituo cha afya, hata kama ni saa nane usiku.

Akishikwa na degedege, mlaze ubavu na usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Mambo ya kumfukiza kwanza yaache. Ubongo unaumia wakati nyinyi mnatafuta mkaa. Sukari ya damu nayo hushuka, hasa kwa watoto na wajawazito, na mgonjwa huzimia vilevile. Muulize mhudumu kama ameipima.

Tazama viganja na ndani ya kope la chini. Vikiwa vyeupe, damu imepungua. Kuhema kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi au usiotoka kabisa, hayo pia ni ya hospitali.

Pasipo na sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, mtoto chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa atesuneti ya njia ya haja kubwa. Hiyo ni ya kumfikisha hospitali tu, si tiba kamili.

Huko hospitali, sindano hutolewa kwa angalau saa 24, kisha dozi nzima ya vidonge vya dawa mseto, siku 3. Hapa ndipo wengi huharibu: homa ikishuka, vidonge husahauliwa kabatini.

Akisharuhusiwa, mrudishe apimwe wingi wa damu. Kwa baadhi ya wagonjwa, chembe nyekundu huvunjika wiki 1 hadi 4 baada ya sindano.