TAA YA BREKI ISIPOWAKA
Somo la kutafuta ubovu katika pikipiki



Pikipiki yako hupeleka maziwa alfajiri, huleta mbolea mchana, na jioni huwarudisha watu nyumbani. Katika sehemu kama Kinangop, ukungu ukishuka barabarani, dereva wa lori aliye nyuma yako haoni mguu wako ukikanyaga breki. Huiona taa nyekundu tu. Taa ile isipowaka, hana habari kwamba wewe unasimama. Nawe una mtungi wa lita 50 nyuma yako, huwezi kukwepa upesi. Tena Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikubali chombo kibovu kitumike barabarani.

Wakati mmoja taa ya breki ya pikipiki niliyokuwa nikiitumia kazini ilizimika. Nilinunua balbu mpya, haikuwaka. Nikanunua betri mpya, haikuwaka. Mwisho tulikuta waya mmoja umekatika chini ya kiti, ukaungwa kwa dakika chache. Basi kanuni ya somo hili ni moja: pima kwanza, nunua baadaye.

NJIA YA UMEME

Katika pikipiki nyingi umeme wa taa ya breki hutoka kwenye betri ya volti 12, hupita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, ukafika kwenye swichi mbili za breki. Moja iko kwenye mkono wa breki ya mbele. Nyingine iko karibu na pedali ya mguu. Kutoka hapo umeme huenda kwenye balbu kwa njia moja, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha pikipiki au waya wa kurudi.

Fikiri juu ya mfereji wa maji wenye milango miwili inayoingia shamba moja. Ukifungua mlango wowote, shamba hupata maji. Lakini umeme si kama maji kwa jambo moja: usipokuwa na njia ya kurudi, hauendi hata kidogo.

VIFAA

Tayarisha bisibisi, spana, kipande cha msasa, tepu ya umeme, na taa ya kupimia. Taa hii waweza kuitengeneza mwenyewe: chukua balbu ndogo ya volti 12 na kuifunga nyaya mbili.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA

Washa ufunguo, lakini usiwashe injini. Mwenzako asimame nyuma. Bana breki ya mkono peke yake, kisha iache. Kanyaga breki ya mguu peke yake, kisha iache.

(a) Taa ikiwaka kwa mkono lakini si kwa mguu, balbu ni nzima na fyuzi ni nzima. Ubovu uko upande wa swichi ya mguu.

(b) Ikiwaka kwa mguu lakini si kwa mkono, ubovu uko upande wa swichi ya mkono.

(c) Isipowaka kwa yote mawili, usizilaumu swichi kwanza. Ni nadra mbili kufa siku moja. Tazama fyuzi, balbu, waya wa nyuma na njia ya kurudi.

(d) Ikiwaka wakati wote, swichi moja imekwama au imekazwa mno. Ubovu huu ni wa hatari vilevile, kwa maana dereva wa nyuma hajui ni lini unasimama.

HATUA YA PILI: SWICHI

Swichi ya mguu huvutwa na springi ndogo. Matope huigandisha, au springi hulegea. Safisha kwanza. Kisha shika mwili wa swichi usizunguke, na uzungushe nati yake peke yake. Ukizungusha mwili, nyaya zitakatika. Mwili ukipanda juu, taa huwahi kuwaka. Yafaa iwake pedali inapoanza kushuka tu, na izimike ukiiacha.

Kama bado haiwaki, chomoa nyaya mbili za swichi hiyo na uziguse pamoja. Taa ikiwaka, swichi imekufa, nunua nyingine. Isipowaka, waya wa upande huo umekatika. Angalia nyaya hizo zisiguse chuma cha pikipiki, kwa sababu fyuzi itaungua.

HATUA YA TATU: FYUZI NA BALBU

Kama taa haiwaki kwa breki yoyote, piga honi. Katika pikipiki nyingi honi na taa ya breki hutumia fyuzi moja. Honi ikiwa kimya pia, tazama fyuzi na betri. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara, maana nyaya zaweza kushika moto chini ya kiti, karibu na tangi la petroli.

Sasa fungua kioo cha taa. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 kwa taa ya usiku, na wa wati 21 kwa breki. Kwa hiyo usidanganyike kwamba balbu ni nzima kwa kuwa taa ya usiku inawaka. Unapotia mpya, vipini vyake viwili havilingani kimo, usilazimishe. Taa nyingine za siku hizi ni za LED na hazina balbu ya kubadilisha. Kwa hizo pima nyaya tu.

HATUA YA NNE: WAYA NA NJIA YA KURUDI

Funga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye upande hasi wa betri. Mwenzako abane breki. Gusa kwa waya wa pili mguso wa breki ndani ya kishikio cha balbu. Taa ya kupimia isipowaka, umeme haufiki: fuata waya kuelekea mbele, hasa chini ya kiti na mahali unapokunjwa. Ikiwaka, na balbu nzima haiwaki, njia ya kurudi ndiyo mbovu. Sugua kutu kwa msasa, kaza skrubu, na uunge waya wa kurudi vizuri.

Ukimaliza, rudia hatua ya kwanza. Kisha fanya desturi ya kuitazama taa hii kila asubuhi kabla ya kufunga mzigo. Usiku tazama mwanga wake ukutani mwa nyumba, hutahitaji msaidizi.

MASWALI

1. Taa yawaka kwa mkono lakini si kwa mguu. Kwa nini hupaswi kununua balbu?

2. Taa ya usiku yawaka, ya breki haiwaki. Je, balbu yaweza kuwa mbovu?

3. Kwa nini waya usitiwe mahali pa fyuzi?

Wasomee majirani maswali haya. Mwenye kujibu yote matatu ataokoa fedha yake, na pengine uhai wake.