Wingu la Jabali Halimwagilii Shamba

Ikifika katikati ya Agosti, simu zetu hujaa video za wadi, mabonde makavu yanayojaa maji ya mvua ghafla, zinazoshuka. Mmoja kasimama juu ya mwamba huko Rustaq, mwingine yuko Al Hamra, maji ya rangi ya udongo yanabiringisha mawe na watu wanamshukuru Mola. Hapo ndipo ninapoanza kupigiwa simu na jamaa wa Maskati wenye mashamba ya urithi Nizwa, Izki, Ibra na Mudhaibi: "Bwana shamba, nimwambie kijana apunguze maji, maana mvua imeshakuja?" Jibu langu karibu kila mara ni hapana, na sehemu kubwa ya makala haya ni kueleza kwa nini.

Mvua hizi za mwisho wa kiangazi wenyeji wanaziita rawaih. Msizichanganye na khareef ya Salala, yale manyunyu ya kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba yanayoletwa na upepo wa kusi. Rawaih hupikwa palepale mlimani. Tangu asubuhi jua linapiga majabali ya Hajar, mwamba mtupu usio na msitu wa kuupoza, na hewa iliyo juu yake inapata moto na kupanda. Adhuhuri upepo wa Bahari ya Omani unaingia nchi kavu na unyevu wake, unapanda mabonde ya upande wa pwani ya Batina. Upande wa pili hewa kavu ya jangwani inakuja kukutana nao kwenye mgongo wa mlima. Wingu linasimama wima. Saa saba mchana bado ni jeupe, saa tisa limeshakuwa jeusi kwa chini, saa kumi radi na upepo wenye vumbi, na magharibi mbingu safi kana kwamba hapakuwa na kitu. Maji yote yanaweza kuangukia kijiji kimoja, na jirani aliye kilomita tano asione hata tone.

Kwa hiyo, tangazo la hali ya hewa linaposema kuna uwezekano wa mvua ya radi katika milima ya Hajar na maeneo ya kandokando, liamini kwa mambo ya usalama. Usilifanyie hesabu ya maji. Linazungumzia safu ya milima ya mamia ya kilomita. Mitende ya babu yako imesimama kwenye ekari mbili. Kinachotarajiwa mpaka Septemba iishe ni kile cha miaka yote: siku kadhaa mfululizo za mawingu ya alasiri, kisha kimya cha wiki nzima au zaidi, kisha tena. Joto halitakatika katikati yake.

Na joto lenyewe tulitazame vizuri. Wengi hutazama kipimo cha mchana, Nizwa nyuzi 42 au 43, wakatikisa kichwa. Mimi naogopa zaidi usiku. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Qurayyat, ulio pwani chini ya milima hii, ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, na dunia nzima ikaandika habari hiyo. Usiku kama huo mti haupumziki. Sukari iliyotengenezwa mchana inateketea usiku, ndimu zinadondosha vitunda vyake, na mche uliopandwa juzi unakufa huku udongo wake umelowa. Agosti na Septemba kuna jambo la ziada: upepo wa baharini unaleta fukuto, na mkulima wa Batina anapata joto na unyevu kwa pamoja, yaani karamu ya ukungu na vidudu.

Mwagilieni alfajiri, kabla jua halijatoka. Anayetumia mabomba ya matone na akawa hana budi kufungua mchana, ayaachie kwanza maji yaliyolala ndani ya bomba jeusi yamwagike pembeni. Shika mwisho wa bomba saa nane mchana utajua mwenyewe ninachosema. Funikeni udongo chini ya michungwa na mindimu kwa makuti yaliyokatwakatwa, lakini yasiguse shina. Mbolea ya naitrojeni iwekeni stoo mpaka Oktoba. Na tafadhali msiwaruhusu wafanyakazi wasafishe mitende kwa kukata makuti mabichi wakati huu ati ionekane nadhifu. Kuti bichi ndilo linalolisha kole. Marufuku ya kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana inaisha kisheria Agosti 31. Jua halijasoma sheria hiyo. Endeleeni nayo mashambani mpaka katikati ya Septemba. Kijana akizimia juu ya mtende si hasara ya tende tu.

Turudi kwenye swali la kupunguza maji. Visima vingi vya Batina, na vingine vya bara siku hizi, vina chumvi. Bomba la matone linalowesha duara, na maji yanapotambaa yanaisukuma chumvi mpaka ukingoni mwa duara na juu ya udongo, ndiyo ule utando mweupe unaouona. Ikiwa pale pale ukingoni, mti hauna shida nayo. Sasa inakuja mvua ndogo ya nusu saa. Inauyeyusha ule utando na kuurudisha chini, moja kwa moja kwenye mizizi. Siku ya tatu majani yanaungua ncha, na mwenye shamba anashangaa: mvua ya rehema imekuwaje? Dawa yake inawashangaza watu zaidi: manyunyu yakianza, fungua matone yako na uyaache yafanye kazi, ili chumvi isipate nafasi ya kurudi. Baada ya mvua chimba kwa mkono kati ya miti miwili. Udongo ukiwa umelowa shubiri moja tu, zamu yako ya maji iko palepale. Ukiwa umelowa zaidi ya dhiraa, ruka zamu moja, si mbili.

Wa mfereji wa falaji hesabu yao ni nyingine kidogo. Falaji ya daudi, inayochota kwenye kisima mama mbali chini ya mlima kama Khatmein ya Birkat al-Mawz au Malki ya Izki (zote zimo katika tano zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2006), haiongezeki kwa sababu ya wingu la jana. Maji ya wadi yanazama kwenye changarawe na kusafiri polepole. Aliyekwambia athari yako, yaani zamu yako ya maji ya nusu saa, itakuwa nono wiki hii anakufurahisha tu. Falaji ya ghaili ndiyo inayoitikia haraka, kwa kuwa inakula maji ya wadi yenyewe. Inajaa ghafla na maji yake ni tope. Haya ya kwanza yapelekeni kwenye mitende, mtende unastahimili. Msiyapeleke kwenye alfalfa, kwa sababu tope likitanda juu ya vichipukizi vilivyotoka kukatwa litavifunika vikaoza, wala kwenye kitalu. Yakianza kuonesha changarawe chini ya mfereji, hapo gaweni kama kawaida. Na wakili, yaani msimamizi wa falaji, afunge mlango wa kuingilia mapema siku ambayo mlima umefunga weusi, maana kazi ya kuzoa mawe ndani ya mfereji inakula siku nyingi kuliko hata ule uhaba wa maji.

Shamba linaweza kuwa na jua kali juu yake na wadi ikaja. Hili watu wa pwani waliozaliwa mbali na mabonde haya huchelewa kulielewa. Wingu limepasukia kilele, wewe uko chini unavuna, na sauti inakuja kabla ya maji. Pampu, jenereta, na hasa kibanda cha wafanyakazi, visiwe ndani ya mkondo hata kama mkondo ni mkavu miaka mitatu. Mbuzi wasifungwe humo. Gari lisivuke maji yanayotembea, hata yawe ya kufika nusu ya gurudumu; ni kosa kisheria, na walioyadharau tunawajua. Aprili 2024 huko Samad al-Shan, wilaya ya Mudhaibi, mafuriko yaliwachukua wanafunzi waliokuwa garini wakirudi nyumbani. Huo haukuwa hata msimu wa rawaih.

Sasa tende. Naghal imeshaliwa zamani, na Mabsali zilishachemshwa na kuanikwa. Zilizobaki mtini ni zile za kuchelewa, Khasab na baadhi ya Fardh na Khalas za sehemu za juu, nazo ziko katika hali mbaya kuliko zote ya kukutana na mvua. Tende changa ngumu ikinyeshewa haijali. Ikishaanza kulainika kuwa rutab, ngozi yake inanyonya maji, inapasuka, na ndani ya siku mbili kole zima linanuka siki. Usingoje kole liive lote. Chuma zilizolainika kila baada ya siku mbili tatu, hata kama ni ndoo nusu, zimalizie kukauka kwenye chumba chenye hewa au kwenye nyumba ya plastiki ya kukaushia. Zilizoanikwa uwanjani zifunikeni kabla ya saa saba, msisubiri tone la kwanza, kwa sababu upepo wa vumbi hutangulia mvua na tende yenye mchanga mnunuzi anaitupa bei. Mvua ikinyesha juu ya mtende, tikisa makole jioni hiyohiyo ili maji yatoke, fungua wavu kesho yake asubuhi upepo uingie, na uondoe kwa mkono zilizopasuka. Tende mbichi za mvua zisilundikwe gunia juu ya gunia. Nimeona lundo lililopata moto katikati mpaka mkono hauingii.

Upepo wa radi nao huvunja makuti na kupasua vishina vya machipukizi. Kidonda kibichi cha mtende kina harufu inayomwita fukusi mwekundu, ambaye yuko Omani tangu 1993 na hana mpango wa kuhama. Siku hiyohiyo pakeni dawa kwenye kidonda na mkifunike kwa udongo. Kunyofoa machipukizi ya kupanda kungojee baridi. Yupo pia mdudu dubas, kizazi chake cha pili cha mwaka hutokea msimu huu. Mvua inaosha ule utomvu wake unaonata juu ya makuti, shamba linang'aa, na mwenye shamba anadhani amepona. Geuza ukuti utazame upande wa chini. Ukiwaona, mtaarifu afisa wa kilimo wa wilaya kabla hujanunua sumu yoyote dukani.

Jabal Akhdar wana habari nyingine kabisa. Saiq ya huko iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na mchana wa Nizwa wa nyuzi 42 kule ni kama 30. Tatizo lao si joto, ni komamanga. Sasa ndio mavuno yake, na bei yake inalisha nyumba. Komamanga linapasuka kwa sababu ya kiu inayofuatwa na maji mengi: ganda limekauka na kukaza, mbegu zinavimba kwa ghafla, tunda linafunguka kutoka juu hadi chini na nyigu wanaingia. Kwa hiyo anayemwagilia kidogo kidogo bila kukosa ndiye anayenusurika mvua ikija. Aliyeubana mti wiki tatu akingoja wingu limsaidie ndiye atakayepoteza nusu. Baada ya mvua nzito, au mvua ya mawe ambayo kule si ajabu, pita siku ya pili na mkasi uvune yote yaliyokaribia kuiva. Kata kikonyo, usivute. Yaliyoanguka yafukie, yasibaki chini ya mti, kwa sababu ndani yake kuna viwavi wa kipepeo wa komamanga wanaosubiri kupanda tena.

Wazee wa huku huanza kuhesabu siku kumi kumi tangu kuonekana kwa nyota ya Suheli, ambayo kwa hesabu ya kawaida ya nchi za Ghuba ni Agosti 24. Wenye asili ya Unguja hawataona ajabu, kwani babu zetu nao walihesabu miongo, yaani makumi ya siku, tangu siku ya mwaka ya Nairuzi, wakajua lini kulima na lini kutweka tanga. Hesabu ni nzuri, naitumia. Ila Suheli ikitoka, kinachopoa kwanza ni alfajiri tu. Mchana unabaki na ukali wake mwongo wa tatu na wa nne. Kila mwaka wapo wanaohamisha miche ya nyanya shambani mara tu nyota inapoonekana, na kila mwaka wanapanda mara mbili.

Ratiba yangu ni hii. Mashamba ya mboga yabaki yamefunikwa plastiki angavu mpaka mwanzo wa Septemba, udongo ukiwa umeloweshwa kwanza, ili jua hilihili linalotutesa liue minyoo na ukungu bila gharama. Mwezi mmoja hadi wiki sita unatosha. Mbegu za nyanya, kabichi na pilipili ziingie kitaluni chini ya wavu wa kivuli, mahali pa juu pasipofikiwa na mkondo. Bara, hamisheni miche mwisho wa Septemba. Batina, pelekeni nusu tu na nusu nyingine ibaki kitaluni hadi katikati ya Oktoba. Kimbunga Shaheen kilitua pwani ya Batina tarehe 3 Oktoba 2021, wakati ambapo wengi walikuwa wameshamaliza kupanda, na baada ya maji kupungua miche ya kurudishia haikupatikana kwa bei ya kawaida popote.