Mashine na Lugha ya Mvuvi wa Kabuta

Siku hizi mataifa yashindana kwa akili ya mashine, ambayo wengine huiita akili unde na wengine akili mnemba. Zambia ilitangaza mpango wake wa taifa Novemba 2024. Kenya ikafuata Machi 2025. Watu wengi hudhani kwamba mashindano haya ni ya mitambo na umeme tu. Sivyo. Na tutazame mfano mmoja wa ufukoni mwa Ziwa Mweru.

Mwanamke wa Kabuta anayeanika chisense, wale dagaa wavuliwao usiku kwa taa, ajua kwa kuwashika tu kama wamekauka vya kutosha kwa safari. Tuseme ataka kuiuliza simu yake bei ya soko la Kitwe. Ikiwa hajui Kiingereza, itambidi aseme lugha yake. Je, mashine itamsikia?

Yafaa kwanza tujue mashine hujifunza namna gani. Hupewa sauti ya mtu, na kando yake maneno yale yale yaliyoandikwa na mwenye kuijua lugha. Hukisia, hukosa, hurekebishwa, tena na tena, mara maelfu kwa maelfu. Neno ambalo haikulisikia kamwe, huligeuza likawa jingine linalofanana nalo. Basi kazi ya kwanza ni ya mtu mwenye sikio jema na mwandiko sahihi.

Mwaka 2022 mashine iitwayo Whisper, ya kampuni ya OpenAI ya Marekani, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, nyingi za Kiingereza. Kibemba hakikuwamo, ingawa ndicho chenye wasemaji wengi kuliko lugha zote za Zambia. Mwaka 2023 Claytone Sikasote na Eunice Mukonde wa Chuo Kikuu cha Zambia, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa mkusanyo uitwao BIG-C. Watu wawili wawili walizungumza Kibemba juu ya picha, kisha maneno yao yakaandikwa na kufasiriwa kwa Kiingereza. Zikapatikana sentensi zaidi ya 92,000 na saa zipatazo 180. Gawanya hesabu ile kubwa kwa hii ndogo, utapata zaidi ya 3,700! Hata hivyo ni mali ya thamani, maana ulitolewa bure.

Lakini Kibemba cha mjini si usemi wa Washila wa ziwani, wala wa Wabwile wa kaskazini. Na ng'ambo, Kilwa na Pweto katika Kongo, watu husema Kiswahili cha Katanga. Majina ya nyavu, ya pepo na ya samaki yamo vinywani mwa wavuvi wazee. Taifa likiwaacha nje, litanunua mashine isiyowaelewa wale wale wanaoilisha miji yake. Tena kazi hii yastahili mshahara mwema. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza jinsi vijana wa Kenya waliochambua maandishi ya kufundishia mashine walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa. Huko, kwa maoni yangu, si kushindana. Ni kuuza jasho kwa bei ya kutupa.

Zoezi. Mwombe mvuvi mzee akutajie maneno 50 ya kazi yake, nawe uyaandike ukimwuliza palipo na shaka. Kisha mwenzako ayaandike kwa kumsikia tu. Hesabu makosa yake, uyazidishe kwa 2, upate makosa kwa kila maneno 100. Kwa hesabu kama hiyo ndivyo mashine nayo hupimwa.