Somo la Uraia: Chama cha Wafanyakazi katika Picha ya Sinema

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi ya chama cha wafanyakazi ni kuleta migomo tu. Sivyo. Chama ni njia ya wafanyakazi kusema na mwajiri kwa sauti moja juu ya ujira, saa za kazi na usalama wao. Maneno haya huandikwa ubaoni kwa dakika moja na kusahauliwa kwa siku moja. Kwa hiyo muhula huu niliwafundisha Kidato cha Tatu kwa picha ya sinema isiyo ya kuigiza, bali ya watu wa kweli wakiwa kazini. Wale ambao hawakuwapo nawaeleza hapa.

Picha hiyo yaitwa American Factory, nayo ilitengenezwa na Julia Reichert na Steven Bognar mwaka 2019. Ni habari za kiwanda kilicho karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Hapo zamani kampuni ya General Motors ilikuwa ikiunda magari. Desemba 2008 kiwanda kikafungwa, na watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 2014 kampuni ya Fuyao ya China, ambayo mkuu wake wakati huo alikuwa tajiri Cao Dewang, iliyanunua majengo yale ili itengeneze vioo vya magari.

Watu walifurahi kupata kazi tena. Lakini mama mmoja aeleza kwamba zamani alilipwa dola 29 na ushee kwa saa, na sasa alipata dola 12.84. Wengine walilalamika juu ya joto na hatari za kazi.

Tazameni pia desturi za kazini. Wasimamizi wa Kimarekani walipelekwa China, wakaona wafanyakazi wakijipanga mistari na kuitwa kama askari, na kufanya zamu za saa 12. Huko nako kilikuwapo chama cha wafanyakazi, lakini kiongozi wake alikuwa shemeji wa Bwana Cao! Hapo nilisimamisha picha nikauliza: Chama cha namna hiyo ni cha nani? Walakini msidhani kwamba Wachina ndio wabaya na Wamarekani ndio wema. Yumo fundi wa tanuri aliyemwacha mke na watoto kwao ili aje kufanya kazi Ohio, na Mmarekani mmoja aliwakaribisha Wachina nyumbani kwake wale pamoja. Waliotofautiana kwa desturi waliunganishwa na jasho.

Baadaye ikaja haja ya kupiga kura: Je, wafanyakazi wajiunge na chama cha UAW, ama sivyo? Kampuni ilileta washauri wa kulipwa kuwashawishi wakatae. Kabla ya kuonyesha matokeo, niliwagawia wanafunzi vikaratasi wapige kura ya siri. Wengi walikubali chama. Kumbe katika kura yenyewe, Novemba 2017, waliokubali walikuwa 444 na waliokataa 868. Darasa lilishangaa, na mabishano yakaanza. Wengine walisema wafanyakazi wale walidanganywa. Wengine wakasema mtu aliyewahi kuona kiwanda kikifungwa huogopa kukosa hata hicho kidogo. Mimi naona hoja ya pili ina uzito. Woga wa njaa ni mshauri mwenye nguvu, na asiyeujua hawezi kuwaongoza wafanyakazi.

Nasi hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Lakini sheria haimsaidii asiyeijua. Wengi wenu baada ya miaka michache mtapewa karatasi ya mkataba mtie sahihi. Isomeni kwanza, kisha ulizeni kama mahali hapo pana chama, na viongozi wake huchaguliwa na nani.

Maswali

1. Kwa nini kura ya wafanyakazi huwa ya siri?
2. Kura 444 ni sehemu gani kwa mia ya kura zote zilizohesabiwa?
3. Mtengenezaji wa picha huchagua la kuonyesha na la kuacha. Ungependa kumsikia nani zaidi katika habari hii?
4. Ungalikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, ungalipiga kura gani? Toa sababu mbili.