SOMO LETU: SANAMU KWA WAYA NA MAGAZETI



Wengi wenu mnakaa na watoto wakati wa likizo, na wazazi wanalia kwamba masomo ya sanaa yanamaliza pesa dukani. Si lazima kununua kila kitu. Hapa Uthiru mabaki ya mbao yako kwa seremala, magazeti ya zamani yako nyumbani, na udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku.

Leo tunajifunza sanamu isiyoiga kitu. Si ng'ombe, si mtu, ni umbo tu. Kwa nini? Mtoto akitengeneza ng'ombe, wenzake wataona pembe mbaya mara moja na kucheka. Asiyejua kuchora hukata tamaa hapo. Lakini kwa umbo tu, hakuna ng'ombe wa kumlinganisha naye. Mtoto anaanza kujiuliza: Limesimama imara? Upande huu si mzito mno?

VITU VINAVYOHITAJIKA
Waya laini mita 2, kipande cha ubao, misumari 2, magazeti, unga wa ngano kikombe 1, udongo mwekundu.

JINSI YA KUFANYA
1. Pigilia misumari ubaoni, ufunge ncha za waya hapo.
2. Mtoto apinde waya apendavyo, huku akizungusha ubao aone pande zote. Ikianguka, asogeze uzito karibu na ubao. Wanaounda magari ya waya watashika haraka.
3. Koroga unga kwa kikombe 1 cha maji baridi. Mimina katika vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe mzito. Uache upoe.
4. Chana magazeti vipande vyembamba, chovya kwenye uji, zungushia waya. Weka tabaka 3, kila moja ikauke kwanza, la sivyo itaota ukungu.
5. Chekecha udongo, changanya na uji kidogo, paka.

TAHADHARI
Kunja ncha za waya. Mtu mzima ndiye achemshe uji. Watoto wasiokote vitu jalalani: kuna sindano na chupa zilizovunjika.

MZAZI AKIULIZA, "TAKATAKA GANI HII?"
Msibishane naye. Mwambieni habari za Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Kwa waya na vyuma vilivyotupwa ametengeneza miwani ya sanaa iliyoonyeshwa hata ng'ambo. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Basi mtoto mwenyewe aeleze kwa nini alipinda waya pale. Mtoto anayeweza kueleza uamuzi wake amejifunza jambo kubwa kuliko sanamu.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni vitu gani safi vya bure vilivyo mtaani kwetu?
2. Tunafanya nini mtoto anapochekwa kwa kazi yake?
3. Nani kati yetu ataongoza somo hili Jumamosi?