Zulia la Mimea Ndani ya Tangi la Samaki: Lianze Kavu, Mabaki Yasifike Ziwani

Baadhi ya wakazi wa Kisumu wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani hutamani kuona sakafu ya tangi imefunikwa na mimea mifupi ya kijani, mfano wa uwanja wa nyasi chini ya maji. Mtindo huo ulipata sifa duniani kupitia matangi ya mpiga picha wa Japani, Takashi Amano (1954–2015), na picha zake zingali zinazunguka kwenye simu. Kinachofuata kwa wengi wanaojaribu ni hasara. Miche hununuliwa kwa bei ya juu, hupandwa, na baada ya wiki chache huwa manjano au hufunikwa na mwani. Hapo taa hulaumiwa, mbolea huongezwa, na hali huzidi kuharibika.

Njaa ya mmea uliozama

Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, maji na gesi ya kabonidayoksaidi. Hewani gesi hiyo husambaa kwa urahisi. Majini husambaa polepole takriban mara 10,000 zaidi, kwa hivyo jani lililozama laweza kuwa na mwanga tele na maji safi pande zote na bado likafa njaa. Mmea mrefu hujinusuru kwa kupanda hadi juu ya maji. Mmea wa zulia hubaki chini, ambako mwanga umepungua na maji hayatembei sana. Anayeongeza taa wakati gesi ni ile ile huwa anaulisha mwani, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Wenye uwezo hununua mtungi wa gesi pamoja na vifaa vyake. Wengine hutumia chupa yenye sukari, maji na hamira iliyounganishwa na mpira mwembamba. Chupa hiyo hufanya kazi, lakini haina kipimo. Gesi ikizidi usiku, samaki hukutwa asubuhi wakihema juu ya maji, au wamekufa.

Kuanza bila maji

Ipo njia ya gharama nafuu zaidi. Mimea mingi ya zulia kwa asili huishi kandokando ya maji: mafuriko huizamisha, kiangazi huiacha wazi. Kwa sababu hiyo inaweza kuota nje ya maji, ambako gesi haina uhaba, ikashika mizizi kwanza na kuzamishwa baadaye.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 latosha. Likijaa hubeba karibu lita 50, na ukiongeza udongo, mchanga na kioo chenyewe uzito unaweza kupita kilo 70, hivyo meza ya plastiki haifai. Chini huwekwa udongo wa shamba uliochekechwa, usio na samadi wala dawa ya wadudu, kina cha sentimita 2 hivi. Juu yake hutandazwa mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yatoke safi, sentimita 3. Maji humwagwa hadi mchanga ulowe, bila kutuama juu.

Mche hugawanywa vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole na kupandwa kwa kibanio, sentimita 2 au 3 kati ya kimoja na kingine. Kisha tangi hufunikwa kwa kioo au nailoni ngumu ili unyevu usitoroke. Kifuniko hicho pia huzuia mbu kutaga, jambo la maana katika eneo lenye malaria kama letu. Taa huwashwa saa 10 hadi 12 kwa siku. Jua la moja kwa moja lisifike, kwani tangi lililofungwa hupata joto la kuipika mimea. Kila siku hunyunyiziwa maji kidogo na kufunuliwa kwa dakika chache. Ukungu mweupe ukionekana, lifunuliwe zaidi.

Baada ya wiki 6 hadi 8 mche huvutwa taratibu kwa vidole. Ukikataa kung'oka, maji yanaweza kutiwa, yakimiminwa polepole juu ya sahani ili mchanga usitimke. Maji ya mfereji hukaa kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Muda wa taa hupunguzwa hadi saa 6 au 8. Udongo mpya hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kwa hiyo nusu ya maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili za kwanza, na samaki husubiri mwezi mmoja au zaidi. Majani ya kwanza mengi yatakufa. Yanayochipuka majini ndiyo ya kutegemewa.

Kwa asiye na mtungi wa gesi, Eleocharis inayofanana na nywele za kijani, au Marsilea, ni chaguo salama zaidi kuliko Hemianthus ya Kuba, ambayo ni nzuri lakini haivumilii shida. Samaki nao huchaguliwa. Ngege na fulu huchimba mchanga wakati wa kuzaliana, na zulia la miezi mitatu huweza kung'olewa kwa siku moja.

Mimea na konokono wa kandokando ya ziwa wasichukuliwe kupamba tangi. Baadhi ya konokono hao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mkono unaoingia majini.

Kipande kimoja kwenye mtaro

Zulia likishika hukatwa kwa mkasi kila baada ya wiki tatu au nne, na vipande huelea juu ya maji. Kipande chenye kifundo kimoja chaweza kuwa mmea mpya. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa Kisumu hawahitaji kuelezwa yaliyofuata. Jamii ya Glossostigma, mmea wa zulia kutoka Australia, tayari imeota katika maziwa ya Connecticut nchini Marekani.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kuingiza mmea au sehemu ya mmea, wa kigeni au wa kienyeji, katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini. Anayeagiza miche kutoka nje ya nchi anahitaji kwanza kibali cha KEPHIS.

Maji ya tangi huchujwa kwa kitambaa, kisha humwagwa kwenye sukuma wiki, ambayo huyafurahia. Vipande vilivyokatwa huanikwa juani juu ya gunia hadi vivunjike vikishikwa, ndipo vitiwe kwenye shimo la mboji lililo mbali na mtaro. Samaki aliyechokwa hurudishwa kwa muuzaji au hupewa mfugaji mwingine, na ikishindikana, afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo ataeleza la kufanya.