Kishikwambi cha Gemu, Saa na Pete Janja: Mafunzo Niliyopata

Dada mmoja anayeuza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, huniachia vifaa nivijaribu kabla hajaagiza mzigo. Zamani zilikuwa simu tupu. Siku hizi mzigo umebadilika: vishikwambi vya gemu, saa janja, bangili za mazoezi, pete zisizo na kioo, miwani yenye kamera. Nimevishika, nimevivaa, vingine nimelala navyo. Kila mara nakutana na jambo lile lile, kwamba namba za kwenye boksi zilipimwa kwa hali ya hewa nyingine, mtandao mwingine na mara nyingi mwili mwingine. Nayaandika haya kwa ajili ya wale wanaohesabu mshahara kabla ya kununua.

1. Ukubwa wa kioo uamuliwe na vidole gumba

Ukitaja kishikwambi, Watanzania wengi wanakumbuka vile vya Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Cha gemu ni kitu kingine. Razer Edge, kilichoonyeshwa Las Vegas Januari 2013, kilikuwa na kioo cha inchi 10.1, uzito wake ukikaribia kilo nzima, na bei ikianzia dola 999. Kilo moja haishikiki hewani kwa mechi ndefu bila mikono kulalamika. Watengenezaji wameliona hilo: Lenovo Legion Tab ya inchi 8.8 ina gramu 350 hivi.

Kwenye inchi 11, kidole gumba changu hakifiki kwenye vitufe vya katikati mpaka nihamishe kiganja, na kwenye gemu la mapigano kuhamisha kiganja ni kuuawa. Kwenye inchi 8.8 vidole vinafika vyenyewe. Kwa hiyo ukienda dukani usiombe uonyeshwe video. Kishike kwa upana, vidole gumba juu, halafu ujaribu kugusa katikati ya kioo.

Angalia pia tundu la chaji limekaa wapi. Ukishika kishikwambi kwa upana, tundu la upande mfupi linaangukia kwenye kiganja, na kichwa cha waya kinakuchimba. Legion Tab ya kizazi cha tatu ina tundu la pili kwenye upande mrefu, waya unashuka katikati na mikono inabaki huru. Matangazo hayalipigii kelele, lakini mimi ndilo ninaloangalia kwanza.

2. Joto la Dar lina kauli ya mwisho

Apple huandika wazi kwamba iPad itumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Januari na Februari hapa Dar es Salaam joto la nje linafika nyuzi 32 kivulini, na chumba cha mabati mchana, umeme umekatika na feni imezima, kinapita hapo bila shida. Chipu ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa macho ya mchezaji inakuwa hivi: gemu linaanza likiwa laini kabisa, robo saa baadaye mgongo wa kifaa karibu na kamera unakuwa wa moto, halafu picha zinaanza kukwamakwama. Mwenye kishikwambi anadhani bando limeisha, kumbe ni joto.

Vua kava la mpira unapocheza. Usicheze huku unachaji, isipokuwa kifaa kina uwezo wa kupitisha umeme moja kwa moja bila kuupitisha kwenye betri, na uwezo huo uwe umewashwa kwenye mipangilio. Betri za lithiamu huchoka haraka zikikaa kwenye joto, na kubadilisha betri ya kishikwambi ambacho hakina wakala nchini ni mtihani. Kuhusu jasho la vidole, vijana wa mtaani kwangu wanajipaka poda kidogo kabla ya mechi. Nimejaribu, inasaidia kweli.

3. Kasi ya kioo haishindi umbali wa seva

Kioo cha 165 Hz hubadilisha picha mara 165 kwa sekunde, yaani picha mpya kila milisekunde sita hivi. Cha kawaida cha 60 Hz huchukua karibu milisekunde 17. Ukicheza gemu lisilohitaji mtandao, tuseme mbio za magari, utofauti unauona: gari likikata kona, ukingo wa barabara unabaki mkali.

Vijana wengi, hata hivyo, wanacheza na wenzao mtandaoni, na hapo hesabu inageuka. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Ulaya, kwa njia ya baharini, ni umbali wa kilomita 10,000 hivi; kwenda na kurudi ni 20,000. Hapo umeshapoteza milisekunde 100 kabla hujaongeza mnara wa simu na vituo vya njiani. Mpinzani wako aliye jirani na seva ameshafyatua, wewe kidole chako ndiyo kwanza kinagusa kioo. Na mikongo yenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania, Kenya na Uganda zikayumba.

Kama gemu lako ni la mtandaoni, ingia kwenye mipangilio yake uchague seva iliyo karibu zaidi, kisha usome namba ya milisekunde inayoonyeshwa. Ikiwa juu ya 150, usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya 165 Hz.

4. Uliza ni toleo la nchi gani

Hili ni fupi lakini linaumiza watu. Baadhi ya vishikwambi hivi huanza kuuzwa China peke yake, kama ilivyokuwa kwa Legion Y700 mwaka 2022, ndipo wafanyabiashara wanaviingiza. Toleo la China kwa kawaida huja bila huduma za Google. Gemu lako uliloliunganisha na akaunti ya Google halifunguki, na silaha zote ulizokusanya zinabaki kule kwenye simu ya zamani. Mafundi hubadilisha programu nzima, ila masasisho yanayofuata yanaweza kuivuruga. Washa kifaa dukani, ingia kwenye akaunti yako, fungua gemu lako, ndipo utoe fedha.

5. Bangili inahesabu mkono

Nilimfunga bangili ya mazoezi kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo, nikafuatana naye. Mzigo ulikuwa magunia ya mchele. Mikono yake miwili ilibana chuma cha mkokoteni, kiwiliwili kimeinama mbele, miguu inasukuma, shati limelowa mgongoni. Tulipofika alipokuwa anashusha, tukaangalia kioo. Hatua zilizoandikwa zilikuwa chache mno, kama za mtu aliyetoka kitandani akaenda kunawa uso. Akaniambia, "Dada, hii inanidhulumu."

Jioni ile ile nikamfunga mama mdogo wangu akiwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka hata mara moja. Nazi ilipokwisha, bangili ilikuwa imemhesabia matembezi. Kwenye daladala nako, barabara ikiwa mbovu, nikishika bomba la juu hatua zinapanda nami nimesimama pale pale.

Sababu yake ni rahisi. Ndani ya bangili kuna kihisi cha mwendo kinachosikiliza mkono unavyopunga, na programu inatafuta mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea. Anayebeba ndoo kichwani kwa mkono ulioinuliwa, anayesukuma toroli, anayebeba mtoto kwa mikono yote miwili, hao wote wanatembea bila kupunga. Ndiyo kusema kazi nzito za watu wetu hazionekani kwa kifaa hiki, na wanaofanya kazi hizo ndio wanaoambiwa hawajafanya mazoezi. Nilipohamishia bangili kwenye kifundo cha mguu cha yule kijana, hesabu ilikaribia ukweli. Hilo ndilo ninalomshauri mtu wa kazi za namna hiyo.

Wala usiumie moyo kwa lengo la hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Ilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo.

6. Ngozi yetu na taa ya kijani

Geuza saa janja utaona taa ya kijani inamweka. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na moyo ukipiga damu inaongezeka kwenye mishipa ya mkono, hivyo mwanga unaorudi unapungua kidogo. Kihisi kinahesabu kupungua huko. Tatizo ni kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, nayo hunyonya mwanga huo huo. Kwenye ngozi nyeusi mwanga unaorudi ni hafifu zaidi, na saa inabidi iongeze nguvu ya taa.

Nikiwa nimetulia, saa nzuri nilizojaribu zilikubaliana na mapigo niliyoyahesabu mwenyewe kwa vidole. Nikikimbia, baadhi zilirukaruka. Kwa mdogo wangu aliyekuwa amepakwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, kuvuka kifundo cha mkono kabla ya harusi, saa ilikuwa inasoma na kupoteza, inasoma na kupoteza.

Kipimo cha oksijeni kinataka tahadhari zaidi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa hospitali za Marekani kuhusu vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni. Kwa wagonjwa weusi, upungufu mkubwa wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali. Saa ya mkononi ikikwambia oksijeni iko sawa huku mtu anahema kwa shida, mwamini mgonjwa, mpeleke hospitali.

Kaza mkanda, uusogeze juu ya kifundo kwa upana wa kidole. Halafu siku ya kwanza hesabu mapigo yako kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, linganisha.

7. Maji, pete na miwani

Saa zilizoandikwa 5 ATM zinahimili udhu bila wasiwasi, lakini washa hali ya kufunga kioo, maana matone yanabonyeza vitufe na unaweza kumpigia mtu simu ukiwa unaosha mkono. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi. Kamba ya mpira na jasho la hapa huleta vipele. Mimi nahamia kwenye kamba ya kitambaa.

Pete janja ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote kwa usingizi. Samsung walitoa Galaxy Ring Julai 2024 kwa dola 399, ina uzito wa gramu tatu au chini yake, na ukilala huisikii. Ila kidole huvimba kwa joto, kwa hiyo pima saizi jioni, usipime asubuhi. Ukibeba ndoo yenye mpini wa chuma, ivue.

Miwani yenye kamera, kama Ray-Ban Meta ya mwaka 2023, ina taa ndogo inayowaka ukirekodi. Juani taa hiyo haionekani vizuri. Nikaifikiria kwenye singo, shughuli ya wanawake ambapo huvua mitandio kwa sababu wameaminiana kwamba hakuna picha itakayotoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna heshima. Miwani hiyo ibaki kwenye pochi, na wenye shughuli waanze kuiulizia mlangoni kama wanavyouliza simu.

8. Hakuna saa inayopima sukari bila kutoboa

Hili nimeliweka la mwisho kwa sababu linahusu uhai. Zinauzwa saa za bei ndogo ambazo maboksi yake yanadai zinapima sukari na presha kwa kugusa ngozi tu. Niliivaa moja, ikanipa presha ya kuridhisha. Nikaivua, nikaifunga kwenye chupa ya maji iliyojaa, nikaiweka mezani, nikabonyeza kipimo. Taa ya kijani ikamweka, ikazunguka kidogo, ikaandika 118 kwa 76. Chupa ya maji haina moyo.

Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na watu wasizitumie. Fikiria mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya namna ile. Akijidunga nyingi, sukari inashuka, anapoteza fahamu. Akiacha kujidunga kwa sababu saa imesema yuko sawa, sukari inapanda kimyakimya.

Yule dada wa Aggrey nilimwomba asiagize saa hizo, na hakuziagiza. Ninakuomba na wewe: kama umemnunulia mzazi saa ya aina hiyo, mpigie leo umwambie atazame muda tu. Mnunulie mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko na kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, na umwombe muuguzi wa zahanati amfundishe kuvitumia.